Sasisho la Kompyuta ya Nyumbani: Mtumiaji Anataraji Nini?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuutunza kwa utaratibu wa kawaida mfumo wake wa Windows 10, uliozinduliwa tarehe 29 Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika kwa sababu hiyo. Zilizolala nzima ziliamka nzima, barua zikaandikwa na hesabu za maduka zikajazwa kama ilivyo ada. Lakini tangu hapo, tundu jipya la usalama likigunduliwa katika mfumo huo halizibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango maalumu ambao tutaueleza hapo mbele.

Jambo hili si la maofisini pekee. Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kompyuta ya mezani ni chombo cha watu wote wa nyumba. Baba huitumia kujaza fomu za ushuru mtandaoni, mama huweka humo hesabu za biashara yake ya mapishi, watoto hufanyia kazi za skuli, na jirani ambaye ni ustadhi wa madrasa huja jioni kupiga chapa mitihani, sehemu kwa Kiarabu na sehemu kwa Kiswahili. Humo pia mna picha za arusi, nakala za hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mashine ni moja, lakini walioweka amana zao ndani yake ni wengi.

Kwa hivyo ujumbe unapotokea kwenye skrini ukisema kwamba sasisho liko tayari, nyumba hugawanyika. Kijana husema lipokewe mara moja. Mzazi husema liachwe, kwani anakumbuka sasisho la nyuma lilivyoikatalisha printa kazi. Kila mmoja ana hoja. Juma hili tumeona kheri kuuliza: mtumiaji wa kawaida anataraji nini hasa katika sasisho, na matarajio hayo yametimizwa kwa kiasi gani?

MGENI MMOJA, MIZIGO MIWILI

Mfumo endeshi ndio programu mama ya kompyuta. Ndio unaoamka kwanza mashine inapowashwa, unaogawa kumbukumbu, unaosoma diski, unaozungumza na printa na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Windows ni mfumo wa aina hiyo, na vivyo hivyo macOS ya kampuni ya Apple na jamii ya Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint.

Masasisho ya mfumo huwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni viraka vya usalama na marekebisho ya kasoro. Microsoft, tangu mwaka 2003, huvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Namna ya pili ni toleo jipya, ambalo huja na sura nyingine, vipengele vingine na mara nyingine masharti mapya ya mashine. Namna ya kwanza ni sawa na fundi anayekuja kubadilisha kitasa kilicholegea. Ya pili ni fundi anayekuja kuhamisha jiko, kubomoa ukuta na kupaka rangi ambayo wenye nyumba hawakuichagua.

Tatizo ni kwamba mafundi hawa wawili hubisha hodi kwenye mlango mmoja kwa sauti moja. Ujumbe kwenye skrini ni ule ule: sasisho lipo, washa upya kompyuta yako. Mtu aliyewahi kuvurugiwa jiko lake hujifunza kumfungia nje kila abishaye, na kwa kufanya hivyo kitasa hubaki kimelegea. Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na ndipo panapoonyesha kwa nini matarajio ya mtumiaji si suala la anasa. Mfumo unaomchosha mtu kwa mabadiliko asiyoyataka humfundisha kukimbia hata ulinzi anaouhitaji.

TARAJIO LA KWANZA: KILICHOWEKWA KIKUTWE

Muulize mtumiaji yeyote angependa sasisho limfanyie nini, naye, kabla ya kutaja kasi au urembo, atakwambia lisimpotezee kazi yake. Tarajio hili laonekana dogo, lakini halijatimizwa kila mara.

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10. Siku nne baadaye ililisimamisha, kwa kuwa baadhi ya watumiaji walipomaliza kusasisha walikuta nyaraka na picha zao hazipo. Chanzo kilikuwa hiki: watu waliokuwa wamehamisha folda ya nyaraka kutoka mahali pake pa asili na kuiweka kwingine, kwa mfano kwenye diski ya pili, walibaki na folda ya zamani pale pale ilipokuwa. Sasisho liliichukulia folda hiyo kuwa pacha lisilo na kazi, likaifuta pamoja na vilivyomo. Kampuni ilieleza kwamba waliotoa taarifa za kupoteza faili walikuwa asilimia 0.01 tu ya waliosasisha. Kwenye takwimu hesabu hiyo ni ndogo, lakini kwa aliyefutiwa picha za mzazi wake, hasara yake imekamilika mia kwa mia.

Lililowaudhi wengi zaidi ni kwamba baadhi ya watumiaji wa majaribio walikuwa wameliripoti tatizo hilo kabla sasisho halijatolewa kwa umma, lakini sauti zao zikazama katikati ya maelfu ya maoni mengine. Baada ya mkasa huo, kampuni iliongeza mahali pa mtoa taarifa kueleza ukubwa wa madhara aliyoyapata, na sasisho lililorekebishwa likatolewa upya tarehe 13 Novemba 2018.

Hata sasisho la kujilinda laweza kudhuru. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho la programu yake lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zikaanguka. Ndege ziliahirishwa na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Halikuwa sasisho la Windows yenyewe, lakini funzo lake ni lile lile: anayegusa mashine za watu wengi kwa mkupuo mmoja hana budi ajaribu kwanza kwa wachache.

TARAJIO LA PILI: MKONO USIPOTEZE NJIA

Mtu aliyetumia kompyuta kwa miaka mingi haangalii tena anapobonyeza. Mkono wake unajua njia kama vile mpishi ajuavyo ilipo chumvi gizani. Sasisho linalohamisha vitu bila sababu humrudisha mtu mzima kwenye darasa la kwanza, na wanaoumia zaidi ni wazee waliojifunza kwa taabu na ambao sasa hulazimika kumwita mjukuu kwa kila jambo.

Mfano mashuhuri ni Windows 8, iliyotoka tarehe 26 Oktoba 2012. Kampuni ilikiondoa kitufe cha kuanzia kilichokuwa kwenye pembe ya chini ya skrini tangu mwaka 1995, na badala yake ikaweka ukurasa mzima wa vigae vikubwa vilivyofaa skrini za kugusa. Mamilioni ya watu hawakuwa na skrini za kugusa. Walikuwa na kipanya na kibodi, na hawakujua hata kompyuta yenyewe inazimwa vipi. Malalamiko yalikuwa mengi. Tarehe 17 Oktoba 2013 toleo la 8.1 lilikirudisha kitufe, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha menyu yenyewe. Ilichukua karibu miaka mitatu kurejea pale ambapo watumiaji hawakuomba kuondolewa.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 2008 Apple ilitangaza kwamba toleo lake lililofuata la mfumo wa Mac, lililopewa jina la Snow Leopard, lingepumzika kidogo na vipengele vipya na kushughulikia kasi na uimara. Lilipotoka tarehe 28 Agosti 2009, liliuzwa kwa dola 29 kwa waliokuwa na toleo lililotangulia, ambalo bei yake ilikuwa dola 129, na lilirudisha hadi gigabaiti 7 za nafasi kwenye diski. Mpaka leo wapenzi wa Mac hulitaja toleo hilo kwa hamu, ingawa wengi wao hawawezi kukumbuka jambo moja jipya lililoletwa nalo. Walichokipenda ni mashine ile ile iliyofanya kazi ile ile kwa wepesi zaidi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapa watu walifurahia cha zamani kilichoponywa.

Hata hivyo, insafu yatulazimu tuseme lililobaki. Snow Leopard hiyo hiyo, katika miezi yake ya mwanzo, ilikuwa na kasoro ambayo iliweza kumfutia mtu faili zake baada ya akaunti ya mgeni kutumika. Ilirekebishwa Novemba 2009 kwa toleo la 10.6.2. Hakuna mfumo, hata uliopendwa kuliko yote, unaomwondolea mtumiaji wajibu wa kuweka nakala ya pili.

TARAJIO LA TATU: MWENYE NYUMBA AULIZWE

Sasisho kubwa laweza kuwa la gigabaiti kadhaa. Kwa mwenye intaneti ya waya isiyo na kipimo, hilo si neno. Kwa familia inayounganisha kompyuta kupitia bando la simu, bando la juma zima laweza kumalizika usiku mmoja bila mtu kulitumia. Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilipunguza gharama, lakini hazikuliondoa swali la nani analipa. Kisha kuna umeme. Sasisho linapokatizwa katikati kwa kupotea kwa umeme, mashine yaweza kukataa kuwaka tena, na kompyuta ya mezani haina betri ya kuistahimilia.

Ulimwengu mzima umelalamikia masasisho yanayojilazimisha. Mwaka 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwahimiza watu kwa nguvu kuhamia Windows 10, mtumiaji mmoja wa California alikwenda kwenye mahakama ya madai madogo akisema kompyuta yake ya kazi ilijisasisha bila idhini yake na ikaharibika. Alishinda, akalipwa dola 10,000 baada ya kampuni kuacha rufaa yake. Kuanzia Mei 2019 Windows 10 ilimruhusu hata mtumiaji wa nyumbani kuahirisha masasisho hadi siku 35, siku saba kwa kila mara.

Kuna mipangilio mingine miwili ambayo wengi hawaijui. Wa kwanza ni kuuambia mfumo kwamba muunganisho wenu ni wa kulipia kwa kipimo. Ukishafanya hivyo, masasisho makubwa hayapakuliwi bila wewe kuruhusu. Wa pili unafaa sana kwa madrasa na skuli zenye kompyuta nyingi: Windows huweza kuifanya mashine moja ipakue sasisho, kisha nyingine zikalichukua kutoka kwake ndani ya mtandao wa jengo, badala ya kila moja kutumia bando upya. Wa kwanza umo katika mipangilio ya mtandao, na wa pili katika sehemu ya mipangilio ya masasisho.

TARAJIO LA NNE: MASHINE NZIMA ISIZIKWE

Tunafika kwenye jambo linalozigusa nyumba zetu kuliko yote. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilikuja na masharti. Yale ya kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 si mazito. Mazito ni mawili: mashine iwe na TPM 2.0, yaani kijisehemu maalumu cha kuhifadhi funguo za siri, na prosesa iwe katika orodha iliyokubaliwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo aghalabu huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017.

Sababu iliyotolewa ni usalama, nayo si sababu ya uongo. Funguo zikihifadhiwa ndani ya kifaa badala ya kuachwa kwenye diski, mwizi hupata kazi ngumu zaidi. Lakini tutazame matokeo yake. Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni zilizotumika ng'ambo maofisini, kisha zikaletwa kwa meli na kuuzwa kwa bei ambayo familia ya kawaida yaweza kuimudu. Mashine ya mwaka 2015 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaandika, inahesabu, inaonyesha masomo ya video na inachapisha bila kusita. Haikuharibika kitu. Imekataliwa tu mlangoni. Wala Microsoft hawako peke yao: Apple nao walitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa kompyuta zao zenye prosesa za Intel.

Wapo watakaosema: basi tubaki na Windows 10 milele, maadamu inafanya kazi. Kwao tunakumbusha yaliyotokea Mei 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache, ikafunga faili za watu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Uingereza, hospitali za umma zilifuta miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kupita 19,000. Kiraka cha kuziba tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huo, karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni waliochelewa kukipokea, na waliokuwa na mifumo ya zamani isiyotunzwa tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta wenyewe ulikuwa wa hospitali.

Fauka ya hayo, mfumo ulioachwa hauachwi na mtengenezaji wake pekee. Kivinjari cha Chrome kiliacha kuzihudumia Windows 7 na 8.1 kuanzia toleo la 110, Februari 2023. Kivinjari kikizeeka, tovuti za benki na za huduma za serikali huanza kukikataa, na hapo ndipo mtu hulazimika kwenda saiba kufanya yale aliyokuwa akiyafanya nyumbani kwake.

TARAJIO LA TANO: SITARA YA NYUMBA

Nyumba ina ua na ina ukumbi. Si kila ajaye ukumbini huingia ndani. Mtumiaji anataraji mfumo wake uijue tofauti hiyo.

Tarehe 20 Mei 2024 Microsoft ilitangaza kipengele kiitwacho Recall kwa kompyuta zake mpya za akili unde. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za skrini mara kwa mara na kuzihifadhi ndani ya mashine, ili mtu aweze kutafuta baadaye jambo alilowahi kuliona. Wataalamu wa usalama walionya papo hapo: atakayeingia katika mashine hiyo atakuta daftari la kila kitu, barua, akaunti za benki na mazungumzo ya faragha. Kabla ya mwezi kwisha kampuni ilikiahirisha, na kilipokuja kutolewa kwa watumiaji Aprili 2025, kilikuwa kimezimwa mpaka mwenyewe akiwashe.

Tumelitaja kwa sababu linaonyesha mambo mawili. La kwanza, sauti za watumiaji husikika zikipazwa kwa wingi na kwa hoja. La pili, swali la kuuliza kwa kila kipengele kipya si kama kina manufaa tu, bali je, kimekuja kikiwa kimewashwa au kimezimwa? Nani aliyeamua? Katika mashine inayotumiwa na baba, mama, mabinti na wageni, swali hilo ni la heshima ya nyumba.

TARAJIO LA SITA: LUGHA

Hili tulitaje kwa ufupi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo imewahi kutoa pakiti za Kiswahili za Windows. Hata hivyo, walio wengi hapa petu wangali wanatumia Kiingereza kwa kuwa ndicho walichofundishiwa. Tarajio letu ni kwamba maonyo muhimu, hasa yale yanayosema faili zako zitafutwa, yaandikwe kwa lugha ambayo bibi wa nyumba ataielewa bila kusubiri mtoto arudi kutoka skuli, na kwamba kuandika Kiarabu na Kiswahili katika ukurasa mmoja kusivurugike kila sasisho lipitapo.

TUFANYE NINI BASI?

Matarajio ni ya watengenezaji kuyatimiza, lakini ulinzi wa nyumba ni wetu. Haya ndiyo tunayoishauri kila familia.

Kwanza, weka nakala. Chukua diski ya nje au flashi, nakili picha, hati na kazi zote, kisha ichomoe na kuiweka mahali pengine. Diski iliyoachwa imechomekwa yaweza kufungwa na programu hasidi pamoja na mashine yenyewe. Jaribu kufungua faili chache kutoka kwenye nakala hiyo, kwani nakala isiyofunguka si nakala.

Pili, ujue ulicho nacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Utaonyeshwa toleo lako. Ikiwa ni Windows 10, Microsoft ina programu ya bure iitwayo PC Health Check inayokueleza kama mashine yako inakubalika kwa Windows 11. Ikikubalika, kuhama ni bure kwa mwenye nakala halali.

Tatu, ikiwa haikubaliki, ule mpango maalumu tulioutaja mwanzo unawapa watumiaji wa nyumbani viraka vya usalama vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Microsoft ilitangaza njia tatu za kuingia: kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft bila malipo, kutumia pointi 1,000 za zawadi zake, au kulipa dola 30 au kiasi kinacholingana nacho. Huo ni muda wa kujipanga, usichukuliwe kuwa makao ya kudumu.

Nne, kuna Linux. Linux Mint hutolewa bure, huridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2 ingawa 4 ni bora, na toleo lake la 22 linatunzwa hadi mwaka 2029. Waweza kuliendesha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, ukaona kama printa inakubali na kama nyaraka zako zinafunguka kwa LibreOffice. Lakini hapa wahenga wana neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa duka lako linategemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, hakikisha kwanza ina mbadala, na umwachie kila mtu wa nyumbani aijaribu kwa siku chache kabla ya kufuta cha zamani.

Tano, jihadhari na nakala za wizi zinazotiwa kwenye kompyuta kwa shilingi chache. Mara nyingi anayezitia huzima masasisho ili ujanja wake usigunduliwe, na mteja huondoka akidhani amenunua kompyuta kamili. Unaponunua mashine iliyotumika, muulize muuzaji mambo matatu kabla ya kutoa pesa: prosesa ni ya kizazi gani, ina TPM 2.0, na leseni ya mfumo ni halali? Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Sita, mashine ambayo haiwezi tena kusasishwa si lazima itupwe. Yaweza kufanywa ya kupigia chapa tu, ikatengwa kabisa na mtandao, na flashi zinazoingia humo zikachunguzwa kwanza kwenye mashine nyingine yenye ulinzi.

Ukiyatazama matarajio haya kwa pamoja, hakuna hata moja linaloomba miujiza. Watu wanataka kazi yao ikutwe ilipowekwa, mkono usipotee, waulizwe kabla ya kuguswa, mashine nzima isihesabiwe mfu, na faragha ya nyumba isitirike. Kampuni iliyotimiza hayo kwa miaka itaaminiwa siku itakapobisha hodi na kiraka cha dharura. Iliyoyapuuza isishangae watu wakifunga mlango.

Nasi tusiufunge kwa hasira. Mwishoni mwa juma hili, wazazi na watoto waketi mbele ya kompyuta ya nyumbani kwa saa moja. Kijana aonyeshe toleo la mfumo, mama aeleze faili zipi haziwezi kupotea, na nakala ichukuliwe mbele ya wote. Kisha amalizapo kwao, kijana huyo avuke baraza aende kwa ustadhi wa madrasa akamsaidie na zake.